Kopo la Sita

Kopo lilikuwa jepesi mno. Inspekta alilinyanyua kwa mkono wa kushoto, akanyanyua la tano kwa mkono wa kulia, akasimama katikati ya rafu kama mtu anayepima viazi sokoni. La tano lilimvuta bega. La sita lilikuwa bati, kifuniko na harufu.

"Siki," alisema konstebo wake, akikunja pua.

"Mkanda wa filamu ukianza kuoza hunuka hivyo," alisema Mkuu wa ghala. Alikuwa mtu mrefu, tai imemkaba shingo, na macho yake yalionyesha kwamba tangu jana hajalala vizuri. "Ukiisikia harufu hiyo, ujue muda umebaki mchache."

Ghala lilikuwa chumba kirefu kisicho na dirisha hata moja. Baridi yake ilipenya mpaka kwenye viganja. Rafu za chuma zilipanda hadi darini, zimebeba makopo mapana kama sinia, kila filamu na rundo lake. Marundo tisa ya rafu ya kati yalikuwa ya mtu mmoja, mwongozaji ambaye watu wote walimwita Fundi. Alifariki miaka sita iliyopita akaacha filamu tisa na sifa nyingi.

Tatizo lilianzia kwenye hizo tisa. Maabara pekee iliyobaki na mashine za kusafisha na kunakili mikanda ya zamani ilikuwa inafunga milango mwisho wa mwaka, na muda uliobaki ulitosha filamu nane. Moja ingeachwa ioze. Basi ikaundwa kamati ya watu watatu: mjane wa Fundi, mpiga picha aliyemshikia kamera karibu maisha yake yote, na mhakiki aliyeandika kitabu kinene juu ya kazi zake. Walitakiwa kusema jambo moja tu, ipi kati ya zile tisa ni dhaifu kuliko zote. Walikaa mara mbili wakagombana mara mbili, kila mmoja na filamu yake. Kikao cha tatu, jana Alhamisi, waliomba makopo yafunguliwe waone hali ya mikanda. Walipofika kwenye filamu ya kinyozi, kopo la sita likafunguka tupu.

"Mlango haukuvunjwa," alisema Mkuu. "Ufunguo ni mmoja, na uko kwa mtu mmoja. Mama Makopo, mtunza ghala. Nimemwambia akae nyumbani kwanza. Sipendi, Inspekta, lakini Jumatatu lazima nipeleke ripoti yenye jina, na mpaka sasa jina ninalo moja."

"Amefanya kazi hapa muda gani?"

"Miaka thelathini na moja. Hilo jina alipewa na Fundi mwenyewe. Amebakiza miezi minne astaafu."

Inspekta alirudisha makopo mahali pake. "Jana kabla hamjagusa kitu, mlipiga picha?"

Mkuu alitoa simu. Ndiyo, alipiga picha kila rundo, kwa ajili ya ripoti ya kamati. Inspekta alizipitia taratibu, moja baada ya nyingine, kisha akarudi nyuma, kisha mbele tena.

"Marundo haya manane, kopo la kwanza liko juu."

"Ndivyo Mama Makopo anavyopanga. Anasema mtu akija anataka mwanzo, si mwisho."

"Na rundo la kinyozi?"

Mkuu alisogeza simu karibu na macho. Juu kabisa paliandikwa sita. Chini kabisa, moja.

"Mtu akitazama filamu kopo baada ya kopo," alisema Inspekta, "akiweka kila alilolimaliza juu ya lililotangulia, mwishowe la sita linakuwa juu. Kisha akalirudisha rundo lote rafuni hivyohivyo. Mama Makopo angefanya hivyo?"

"Hata akiwa na homa asingefanya."

"Basi kuna mtu wa pili aliyeshika makopo haya."

Getini walipitia daftari la wageni. Jumatatu, hakuna. Jumanne, hakuna. Jumatano alikuja mpiga picha, akakaa dakika ishirini, akatoka na kitu kirefu kilichofungwa kwenye blanketi. Konstebo aliweka kidole juu ya mstari huo na kumtazama bosi wake kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani.

"Tutafika," alisema Inspekta. "Kwanza kwa Mama."

Inspekta hakuwa mtu wa sinema. Mara ya mwisho alipoingia ukumbini alilala kabla taa hazijazimwa vizuri. Lakini kazi ni kazi, kwa hiyo jana jioni alipopewa jalada hili aliazima nakala ya filamu ya kinyozi, ile inayotazamwa na watu wote, akaitazama sebuleni pamoja na mama mkwe wake aliyekuwa anafuma sweta. Ilikuwa habari ya kinyozi ambaye mikono imeanza kumtetemeka, naye anawaficha wateja. Mkewe hupita dukani, husimama mlangoni, hutazama, huondoka. Mwishowe kinyozi anafunga duka kwa kufuli. Basi.

"Ndiyo imeisha?" mama mkwe aliuliza. "Na huyu mwanamke? Nimemhesabu. Mara kumi na moja anasimama mlangoni. Kwani amepigwa misumari?"

Baada ya hapo Inspekta alifungua kitabu cha mhakiki, sura ya kinyozi, akakuta mwanamume msomi anasema yaleyale ya mama mkwe kwa kurasa ishirini na mbili.

Mama Makopo aliwapokea sebuleni kwake, nyumba ndogo iliyofagiliwa ikang'aa. Alikuwa anashona pindo la sketi ya mjukuu, kiti chake kimesogezwa dirishani, miwani imeshuka puani.

"Karibuni. Kaa hapo, mwanangu. Hicho kingine mguu wake mbovu, kimeshamwangusha mkwe wangu."

Inspekta alikaa palepale alipoelekezwa. Alimpa simu yenye picha. "Mama, rundo hili alilipanga nani?"

Mwanamke yule alitazama mara moja tu. "Si mimi."

"Nani?"

"Mgongo uliniuma siku hiyo. Nilisaidiwa."

"Siku gani?"

"Jumanne mchana. Andika, sina la kuficha hapo. Kanuni inasema nakala za kwanza hazitazamwi bila barua ya Mkuu, kwa sababu kila zinapopita kwenye mashine zinaumia. Mimi nikafungua mlango wa nyuma kwa mkono wangu, nikamkalisha mtu kwenye meza ya kutazamia, nikamwekea kopo moja moja mpaka mwisho. Nimevunja kanuni baada ya miaka thelathini na moja. Lakini jina sitoi. Nilimpa neno langu kwamba hakuja."

"Huyo mtu ameondoka na mkanda wako, Mama."

"Hakuondoka nao."

"Ulimkagua?"

"Nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa na mfuko wake wa vitabu, kama siku zote. Na nilimwona uso." Alikata uzi kwa meno. "Mimi hapa nimekaa miaka yote hii ninawatazama watu wanaotazama filamu. Mtu aliyetoka pale Jumanne hakuwa mwizi."

"Kwa nini ulimwonyesha? Wewe si mtu wa kuvunja kanuni."

Kwa mara ya kwanza Mama Makopo alitabasamu, tabasamu dogo la aibu. "Ubishi, mwanangu. Nilitaka kushinda ubishi."

"Ulishinda?"

Tabasamu likaondoka. "Alisema sikushinda."

Inspekta alifunga daftari. "Unajua Jumatatu itakuwaje ukiendelea kunyamaza?"

"Najua. Nimekwishamwambia binti yangu." Akarudia pindo lake, sindano ikaingia na kutoka bila kutikisika.

Nyumbani kwa mpiga picha, harufu iliwapiga mlangoni hata kabla hawajabisha hodi. Siki. Kali, mbichi, imejaa ukumbi mzima. Konstebo alimshika bosi wake mkono, macho yamemtoka.

"Afande!"

Mlango ukafunguliwa na mwanamke mnene mwenye ndoo mkononi na gazeti lililolowa. "Karibuni, karibuni. Msikanyage hapo, ninasafisha vioo. Siki na gazeti, hakuna dawa nyingine inayotoa alama za vidole vya wajukuu. Baba yao! Una wageni!"

Konstebo aliuachia mkono wa bosi wake na kusoma gazeti lililokuwa ndooni.

Mpiga picha alikuwa mzee mfupi mwenye mikono mipana. Kile kitu kirefu cha Jumatano kilisimama wima katikati ya sebule: miguu mitatu ya kamera, ya mbao, imechakaa kwa ushikaji. Alionyesha na barua ya Mkuu ya kuruhusiwa kuichukua, ina sahihi na mhuri.

"Mkuu hakusema ametoa barua hii," alisema Inspekta.

"Mkuu siku hizi hakumbuki hata kufungua tai yake."

Inspekta alicheka kidogo. "Mzee, kwenye kamati wewe unasema ipi ndiyo dhaifu?"

"Ile ya mafuriko."

"Si ndiyo iliyopata tuzo?"

"Tuzo ilipewa maji, si filamu. Mimi nilikuwa na homa wiki tatu, nusu ya picha zimefifia, na wahakiki wakaandika kwamba ni ukungu wa makusudi. Makusudi! Nilikuwa sioni mbele." Alitikisa kichwa. "Ya kinyozi ndiyo nzuri kuliko zote. Nikifa leo, ionyesheni hiyo."

"Basi wewe una sababu ya kuiiba. Ulihofia itapigiwa kura ya kuoza, ukaenda kuiokoa."

Mzee hakukasirika. Alifikiri, kama mtu aliyeulizwa njia. "Ningeiokoa, ningechukua makopo yote sita. Nani anaokoa mkia anaacha ng'ombe? Huyo mtu wako, Inspekta, alitaka mwisho tu."

"Kuna nini kwenye mwisho? Kinyozi si anafunga duka?"

"Hapo ndipo walipoikata. Wenye kumbi walisema ndefu mno, watu watakosa usafiri wa kurudi makwao. Wakakata dakika tisa, ndilo kopo la sita. Nakala zote zinazozunguka zina makopo matano." Alisimama, akaweka mkono juu ya ile miguu ya kamera. "Kinyozi anafunga duka, halafu anafungua tena. Anakaa kwenye kiti cha wateja, anajifunga kitambaa shingoni mwenyewe, anajitazama kwenye kioo. Anasubiri, na hajui anamsubiri nani. Kisha mkewe anaingia. Filamu nzima alikuwa hajakanyaga ndani, mara kumi na moja ameishia mlangoni, maana lile duka lilikuwa heshima ya mumewe. Anaingia, anachukua wembe kwenye ile mikono inayotetemeka, anamnyoa. Dakika tisa, hakuna neno. Mimi nilipiga kwa mfululizo mmoja, na nilikuwa nalia nyuma ya kamera."

Mkewe alikuwa ameacha vioo, amesimama na gazeti lake. "Kila akisimulia ni hivi," alimwambia Inspekta kwa sauti ya chini.

"Nani ameuona mwisho huo?"

"Sisi tuliokuwepo. Waliocheza wameshatangulia wote."

Ndani ya gari, Inspekta alimpigia simu mjane wa Fundi. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamke asiyependa kupotezewa muda. Filamu dhaifu kuliko zote? Ya kwanza, ile ya shule, hata mjadala hauhitajiki. Marehemu aliitengeneza akiwa na mchumba mwingine. Nani ameona mwisho wa ya kinyozi? Watu wanne: marehemu, yeye, mpiga picha, na Mama Makopo.

"Na mhakiki?"

"Huyo alimwandikia mume wangu zamani akiomba kuuona. Mume wangu alikuwa ameshasoma kitabu chake. Akamjibu kwa mstari mmoja: umekwisha kuandika, sasa utazame wa nini? Baadaye alijuta, lakini barua ilikuwa imeshakwenda."

"Kwenye kamati, nani aliyeitaja ya kinyozi kuwa dhaifu?"

"Yeye peke yake. Kwa nini?"

"Nitakupigia," alisema Inspekta.

Konstebo aliwasha gari. "Kwa hiyo ni yeye, Afande?"

"Kwa hiyo ni mtu ambaye hajawahi kuuona, anabeba mfuko wa vitabu, na anabishana na Mama Makopo. Hiyo ni dhana. Mahakama haili dhana. Twende taratibu."

Mhakiki aliishi ghorofa ya pili, peke yake, ndani ya vitabu. Vilikuwa kwenye rafu, sakafuni, juu ya televisheni. Alikuwa mzee mwembamba, msafi, mwenye adabu za zamani. Aliwapisha viti, akahamisha kamusi mbili ili konstebo apate pa kuweka miguu.

"Ningewakaribisha chai, lakini maziwa yameharibika."

"Usijali, Mzee." Inspekta alikaa mahali ambapo mlango wa jiko ulionekana. "Jana nimesoma kitabu chako. Filamu ya kinyozi umeipiga kwelikweli."

"Siipigi. Ninaipima."

"Mimi sijui sinema. Nieleze kama unavyomweleza mtoto. Ubaya wake uko wapi?"

Mzee yule akajikunjua kwenye kiti, akapata uhai. "Kwa mke wa kinyozi. Mtazamaji ukimwonyesha mtu mlangoni mara moja, ni mapambo. Ukimwonyesha mara tatu, umempa ahadi. Sasa Fundi anamrudisha, anamrudisha, anamrudisha, halafu hakuna kitu. Ameahidi hakutimiza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza nisingempa alama ya kupita."

"Kwa hiyo kikao kijacho utasimama hapohapo."

"Hapana." Alisafisha miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Nimebadili. Nitaitaja ya mafuriko."

"Baada ya miaka thelathini?"

"Mtu hukua, Inspekta."

"Na zile dakika tisa zilizokatwa? Hukuwahi kuziona?"

"Sijawahi. Niliandika humo kitabuni: hakuna sababu ya kuamini kwamba zingesaidia."

Inspekta alitikisa kichwa kwa kukubali, akaandika kitu kisicho na maana kwenye daftari lake. Jikoni, juu ya meza, palikuwa na jagi la maziwa, siagi iliyoyeyuka ikawa mafuta, sahani ya nyanya, na nusu kuku iliyofunikwa kwa kawa. Kando yake friji ilikuwa inanguruma kwa afya njema.

"Mama mkwe wangu tuliitazama naye," alisema, bila kunyanyua uso. "Analalamika kama wewe. Anasema, mwanamke gani huyu anasimama mlangoni mara kumi na mbili na haingii?"

"Kumi na moja," mhakiki alisahihisha papo hapo, kidole juu, kama mwalimu. "Ya kumi na mbili anaingia."

Friji ikaacha kunguruma. Kidole cha mzee kilibaki hewani kitambo kidogo, kisha kikashuka chenyewe na kulala gotini.

"Kwenye nakala za watu wote haingii," alisema Inspekta kwa upole. "Nimetazama. Na kitabu chako kinasema haingii, kurasa ishirini na mbili."

"Labda mtu alinisimulia."

"Labda. Lakini maziwa yako yanaharibikia mezani na friji ni nzima. Niende kufungua mimi, au utafungua mwenyewe?"

Alikwenda mwenyewe. Rafu zote za friji zilikuwa tupu isipokuwa ya kati, na juu yake ulilala mduara mpana uliofungwa ndani ya foronya nyeupe iliyopigwa pasi. Aliutoa kwa mikono miwili, akaubeba kama mtu anayembeba mtoto mchanga wa mtu mwingine.

"Joto linauua," alisema. "Nilisoma kwamba joto linauua."

"Kaa, Mzee. Useme tangu mwanzo. Konstebo anaandika."

Alisema bila kuzunguka. Kila Jumanne alizoea kupita ghalani kunywa chai na Mama Makopo na kubishana naye, na ubishi wao ulikuwa huo mmoja tangu wote wawili wakiwa vijana. Jumanne hii Mama Makopo akamwambia, umeitukana filamu miaka thelathini hujaiona, njoo leo uione kabla hamjaiua. Akaiona. Kopo la sita lilipokwisha, Mama akamuuliza, haya, unasemaje sasa?

"Nikamwambia bado ni dhaifu."

"Na ukweli?"

"Ukweli ni kwamba ndiyo filamu bora niliyopata kuiona maishani." Alisema hivyo kwa sauti kavu, kama anasoma tangazo. "Simu ikalia ofisini, akaenda kuipokea. Mimi nikabaki na makopo. Nikafikiri, ikioza, nimeiua kwa kalamu yangu. Ikipona, kila mtu atauona mwisho huu, kisha afungue kitabu changu asome nilichoandika. Mkono ukaenda wenyewe."

"Mkono hauendi wenyewe, Mzee."

"Hapana," alikubali. "Hauendi."

"Jana Mkuu alipomwambia Mama Makopo arudi nyumbani, ulikuwepo?"

"Nilikuwa nimekaa karibu naye."

"Ukafanya nini?"

"Nilitazama viatu vyangu."

Konstebo aliacha kuandika, kisha akaendelea. Inspekta alimtazama yule mzee kwa muda.

"Kwa nini hukuuchoma? Ungechoma, nisingekuwa na kitu."

Mhakiki alinyanyua macho, na kwa mara ya kwanza alionekana amekasirika. "Wewe umeuona mwisho huo?"

"Sijauona."

"Basi usiniulize hivyo."

Kanuni ya kazi inataka mali iliyopatikana itambuliwe na aliyekuwa akiitunza. Inspekta angeweza kumwita Mama Makopo kituoni. Badala yake alimwambia konstebo apinde kushoto, na saa kumi alasiri walikuwa tena mbele ya ile nyumba ndogo. Mhakiki alishuka mwisho. Hakufungwa pingu; hapakuwa na haja.

Mama Makopo alimwona, akaona foronya, akaelewa. Hakusema karibu, wala hakusema ondoka. Alikwenda kunawa mikono, akaikausha kidole baada ya kidole, akavaa glovu nyembamba za pamba alizozitoa kwenye droo, akaondoa sketi ya mjukuu mezani. Kisha akaifungua foronya dirishani, akavuta kipande cha mkanda urefu wa mkono, akakinyanyua kwenye mwanga.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye friji," alisema mhakiki.

"Kwenye plastiki?"

"Foronya tu."

"Afadhali." Akavuta kidogo zaidi. Vidole vyake vilipita ukingoni mwa mkanda polepole, vikasimama. "Hapa pamechanika. Picha tatu. Uliuvuta kwa haraka."

"Nilisikia unarudi."

Inspekta alisogea. "Mama, unaitambua mali hii?"

"Naitambua."

"Na huyu ndiye uliyemfungulia mlango Jumanne?"

"Ndiye. Neno langu nimelishika mpaka alipolivunja yeye. Na mlango wa nyuma nilifungua mimi, hilo usilifute."

"Sifuti. Jumatatu Mkuu atapata jina, na halitakuwa lako. La mlango mtalimaliza ninyi wenyewe huko ghalani." Inspekta aliweka kalamu mfukoni. "Na jambo moja. Kwenye kamati hakuna mwingine aliyeitaja filamu hii. Ni huyu tu."

Mama Makopo aligeuka. Alimtazama mhakiki, ambaye alikuwa anatafuta pa kuweka mikono.

"Kwa hiyo ungebadili kura yako tu, ingepona."

"Ndiyo."

"Hukuhitaji kuiba kitu."

"Hapana." Mzee alivua miwani. "Jumanne uliponiuliza, nilikudanganya."

"Najua. Ulikuwa umelowa machozi mpaka kwenye kola." Akaulaza mkanda juu ya foronya. "Nilinyamaza kwa sababu nilijua utasema mbele ya kamati. Tangu Jumanne ninamwambia binti yangu, subiri, yule mtu atasema. Hata jana, Mkuu ananitoa nje, nikakugeukia, nikasema moyoni, sasa hivi atafungua mdomo."

Nje mjukuu wa jirani alikuwa anapiga mpira ukutani, pa, pa, pa.

Inspekta alitazama saa yake, akamfanyia konstebo ishara, nao wakatoka wakasimama kizingitini. Maelezo ya kituoni yangeweza kungoja nusu saa.

Ndani, Mama Makopo alifungua droo nyingine, akatoa mkasi mdogo, gundi na kipimio cha chuma, akavipanga mbele yake kwa mstari. Aliinamia zile picha tatu zilizochanika. Kivuli kilikuwa kimelala juu ya mkanda. Akainua kichwa.

"Basi kaa chini," alimwambia. "Unaniziba mwanga."